Kuku wa Miguu Mitatu

Siwema alikuwa amejiapia kwamba mtu wa kwanza kukiona kitabu chake cha kuchorea akicheka, karatasi zote atazifungia karanga za kuuza. Jirani yake, Mama Hidaya, alikiokota kibarazani, akakifunua, akacheka mpaka ungo wa mchele ukamponyoka.

“Shoga, kuku gani huyu wa miguu mitatu?”

“Alisogea kabla sijamaliza,” Siwema alisema, akaushika ukurasa auchane.

“Wee! Usimchane kuku wangu!”

“Umejuaje ni wako?”

“Mkia ulionyofolewa na paka hivyo, kuku gani mwingine anao?” Mama Hidaya akavuta mkeka, akakaa, akajifunga kanga upya. “Haya, nichore na mimi. Mimi sisogei.”

Kweli hakusogea, ila mdomo. Aliufumba kama anayepigwa picha ya kitambulisho, kisha akamwona yule kuku anadonoa mchele uliomwagika, akaangua kicheko tena. Siwema hakufuta kitu. Penseli ilikwenda mbio, na ukurasa wa pili ukapata mama aliyetulia tuli, mwenye midomo miwili: mmoja umefumbwa kwa adabu, mwingine uko wazi hadi magego.