Daftari Jipya

Mama Pendaeli alificha daftari la zamani la matibabu ndani ya kikapu, chini ya khanga, akampa daktari mgeni daftari jipya lisilo na hata mstari mmoja ulioandikwa. Kwenye lile la zamani, daktari mkuu wa mji aliandika kwamba jicho la kushoto la binti yake, Pendaeli, liondolewe. Alitaka huyu mgeni atazame jicho, asisome mwandiko wa mwenzake.

Daktari alimulika jicho kwa tochi muda mrefu.

"Unaona vidole vingapi, bibie?"

"Naona kivuli tu," alisema Pendaeli.

"Kivuli nacho ni kitu." Akaanza kuandika: Jicho hili bado... Kisha kalamu ikasimama. "Ametumia dawa gani?"

Mama akakisogeza kikapu nyuma ya miguu yake.

"Mama, nikimpa dawa itakayogombana na nyingine, nitamuumiza mimi."

Ukificha kitu mbele ya mtoto, jua mtoto ndiye atakayekitoa.

"Ya matone," Pendaeli alisema. "Imeandikwa kwenye daftari ulilofunika kwa khanga, mama."

Hapakuwa na pa kutokea. Mama akalitoa. Daktari alisoma mpaka kwenye sahihi, akakaa wima kama mwanafunzi.

"Huyu ndiye aliyenifundisha kazi."

"Kwani jicho limebadilika tangu ulipolimulika?" mama aliuliza.

Daktari aliitazama tena ile sahihi. Mama akamsogezea daftari jipya, akaweka kidole mwisho wa yale maneno matatu.

"Malizia kwanza ulichoanza, mwanangu."

Daktari alishusha kalamu karibu na kidole cha mama, lakini haikugusa karatasi.