Atomu ya Chigusa

Kwa kibano, Chigusa aliichomoa chipu yake kwenye kishikio, akapachika nyingine mahali pake. Kwa macho zilikuwa shilingi kwa ya pili. Ila yake ilipandwa atomu moja tu ya fosforasi, katikati ya uzi wa silikoni mwembamba kuliko utando wa buibui. Ile nyingine ilikuwa tupu. Hakuna aliyewahi kuipima; nani apoteze siku zake kupima utupu?

"Leo utakiona cha mtema kuni, Mwalimu," alinong'ona, akakishusha kishikio ndani ya mtungi wa baridi kali wa mtambo wa maonyesho.

Wakati yeye akikesha na atomu ile, Profesa Orikasa alikuwa akila samaki mkunga wa kuchoma na wakubwa wa Tokyo. Kisha makala ya ugunduzi huo ikatoka jaridani kwa jina la profesa peke yake. Chigusa alipouliza, alijibiwa kwa tabasamu: "Mwanafunzi ni mkono. Kichwa ni mwalimu."

Ukumbini, mjini Hamamatsu, wageni waliokuja kuuona ugunduzi walijaa hadi mlangoni. Hidaka, mwenzake wa maabara, alimgusa kwa kiwiko.

"Dada, mbona wachekacheka? Umepata mchumba?"

"Ngoja uone kichwa kisicho na mkono."

Jukwaani, Orikasa aliwaonyesha wageni kioo kikubwa. "Elektroni zikipita kwenye atomu, moja baada ya moja, mstari huu utainuka kama mlima. Pasipo atomu, utalala tu."

Akawasha mtambo. Mstari ukalala.

Mgeni mmoja akakohoa. Profesa akajifuta jasho. Chigusa aliuma mdomo asije akacheka kwa sauti.

Mara mstari ukainuka. Mlima mmoja, mwembamba, palepale, kwa kimo kilekile alichokijua Chigusa kama sura ya mama yake.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Chigusa peke yake hakupiga.

Orikasa aliinua mkono watu wanyamaze. "Nina aibu mbele yenu," alisema. "Ugunduzi huu si wangu, niliupora. Asubuhi nimewaandikia wenye jarida waondoe jina langu, waweke la mwenyewe, peke yake. Chigusa, simama mwanangu, dunia ikuone."

Watu wote waligeuka kumtazama. Hidaka ndiye aliyemwinua kwa kumshika kwapani, maana Chigusa alikuwa bado akiutazama mlima ule, uliotoka kwenye chipu isiyo na atomu.