Mali ya Shirika

Mwanaidi anajitolea katika shirika la afya ili apate uzoefu. Mpaka mwaka uishe, uzoefu huo ni mali ya shirika. Kila jioni mashine ya langoni humwondolea ujuzi wa siku hiyo na yote anayoyajua kuhusu wagonjwa aliowahudumia; asubuhi humrudishia ujuzi tu.

Nyumbani, kidonda cha mama yake kilikuwa kinanuka.

"Nisafishe kama unavyowasafisha wenzangu."

"Sikumbuki, mama."

"Basi nipeleke huko."

"Hawapokei mgonjwa ambaye mwanawe ni muuguzi humo."

Asubuhi wakaenda. Karani akauliza, "Bibi, huyu ni nani wako?"

"Simjui, baba. Kanishika mkono tu."

Mwanaidi alikiosha kidonda vizuri sana. Jioni, nje ya lango, mama alikuwa akimngoja.

"Shikamoo, bibi," alisema Mwanaidi, akapita.