Ngome Mstari wa Nne

Siku ile mligeuza nyuso, wanachama, na leo mnageuza tena. Klabu ilipofungwa wakati wa magharibi, mwenyekiti Hafidhi aliukatiza mchezo wa sataranji kati ya Msellem na mwana wa Hafidhi mwenyewe, akaamua ni sare. Kombe likabaki kwa mwana huyo, aliyekuwa bingwa.

Baada ya miaka ishirini na mitatu, Msellem kazipanga kete vile vile zilivyokuwa, mbele ya Hafidhi, akafungua programu ya sataranji kwenye simu.

“Inasema ngome ipande mstari wa nne. Nilikuwa nimeshinda.”

“Bwana wee, mashine haina adabu,” Hafidhi akacheka.

“Wala haina mtoto.”

Msellem ameshika bisibisi, anapanda kuling’oa jina la mwana yule kwenye ubao wa mabingwa. Ngazi inayumba. Inukeni mkaishike, sasa hivi!