Sululu wa Pete Nyekundu

Ilibaki nusu saa maji yajae, na yule ndege, sululu mwenye pete nyekundu, alikuwa bado hajaonekana.

Bibi fundi cherehani alikaa kwenye benchi ukingoni mwa kinamasi cha chumvi, mikono mapajani, kama mtu anayengoja zamu kwa daktari. Mkaza mwanawe alisimama kando yake, darubini shingoni. Mbele yao tope lilimetameta. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa walitoka mashimoni, wakapunga, wakarudi ndani, kama majirani wanaochungulia ugomvi usiowahusu.

"Umekunywa chai, mama?"

"Nimekunywa."

"Kikombe nilikiacha kimejaa, nikakikuta kimejaa."

"Basi nilikuwa nakitazama tu."

Huu ulikuwa mwaka wa sita wa kumngoja ndege huyo hapo. Mwanawe wa pekee kazi yake ilikuwa kuwavisha ndege pete. Aliwanasa kwa wavu, akawavalisha pete ya plastiki mguuni, akaandika namba, akawaachia, ili mwaka wa pili wakirudi kutoka nchi za baridi watu wajue kwamba ni walewale. Wa mwisho kumvisha alikuwa sululu huyo, ndege wa mdomo mrefu uliopinda kama sindano ya kushonea magunia. Pete nyekundu, mguu wa kushoto, namba mia tatu kumi na nane. Alasiri ileile maji yalimzunguka kijana hapohapo kwenye tope. Kesho yake walimpata, wakamzika.

Siku ya arobaini mjane aliweka neno. Maadamu ndege wa mume wangu anarudi, alisema, mimi sitoki nyumbani kwa mume wangu. Kila mwaka ndege walipotua, wawili hawa walikuja kumtazama. Kila mwaka mjane alimwona. Posa tatu zikaja, zikarudi zilikotoka.

Ya nne ilikuwa ya fundi bomba. Mtu mpole, mwenye mikono isiyotulia akisikia maji yanadondoka. Jumatatu alikuwa anahamia mji wa mbali, safari ya siku mbili, na alitaka jibu leo.

Bibi alijua maana yake. Sebuleni kulikuwa na cherehani mbili zikitazamana. Ingebaki moja kuzungumza peke yake. Mtoto mwingine hana, ndugu wamekwisha. Alijaribu kuusikia uchungu wa jambo hilo, asiusikie. Moyo wake ulikuwa kama kidole cha fundi: kimedungwa sindano mpaka kimeota sugu.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Haji akiitwa, hangoji akiombwa."

"Maji."

"Umepata. Nilidhani utasema fundi bomba."

Mkaza mwana alikaribia kucheka. "Huyo anakuja hata asipoitwa. Juzi kaja kutengeneza bomba ambalo halijaharibika."

"Akalitengeneza?"

"Sasa ndiyo linavuja."

Korongo mweupe alipita mbele yao, akinyanyua miguu kama anayeogopa kuchafua sakafu ya mtu.

"Atakufaa, mwanangu," alisema bibi.

"Sijui, mama. Ndege bado sijamwona."

"Na usipomwona?"

"Nitakwenda. Neno nimeliweka mwenyewe."

Mtunza hifadhi alipita kwenye njia ya mbao, viatu vya mpira vikilia kwa tope. "Dakika kumi, mama zangu," alisema. "Maji haya hayana adabu, mnayajua."

"Tunayajua," alisema bibi.

Maji yakazidi kupanda, yakawasukuma ndege kutoka mbali. Wakaja makundi kwa makundi, heroe kwa nyuma, wadogo wa kijivu mbele, mpaka kinamasi kikajaa miguu na midomo. Sululu walitua mwisho, kumi na mmoja, wakasimama kwa mstari.

Mkaza mwana aliinua darubini. Hakuizungusha sana.

"Yule pale, mama. Wa tatu kutoka kushoto."

Bibi akatazama. Kutunga uzi alihitaji miwani, lakini vya mbali aliviona vizuri. Aliwaona sululu wote kumi na mmoja, na maji yalikuwa yamewafika matumboni.

"Una hakika ni yeye?"

"Ni yeye. Pete nyekundu."

"Na namba?"

"Naisoma, mama. Mia tatu kumi na nane."

Darubini haikutikisika. Mkono mwingine wa mkaza mwana ulikuwa umeshika ukingo wa benchi, karibu na bega la bibi. Bibi aliutazama ule mkono. Ulikuwa mkono wa mtu wa miaka thelathini na mitatu, na kucha zilikuwa zimekatwa fupi ili zisikwaruze vitambaa vya wateja. Neno moja tu lingetosha. Lilimfika mdomoni, akalimeza.

"Basi kaja," alisema.

"Kaja. Nitamwambia fundi bomba asinisubiri."

"Mwambie kwa upole."

"Nitamwambia kwa upole."

Walirudi nyumbani kwa miguu, mdogo akibeba viatu vya mkubwa. Mkaza mwana akaingia jikoni kubandika maji ya chai. Bibi akavaa miwani, akaketi kwenye cherehani yake, akamwaga kopo la vifungo mezani, maana gauni la mteja lilikuwa limepungukiwa kifungo kimoja cheupe. Akavichambua kwa kidole, vyeusi huku, vya shaba kule, akaisogeza kando pete nyekundu namba mia tatu kumi na nane, aliyoiokota mwenyewe miaka mitatu iliyopita kinamasini ikiwa bado kwenye mfupa wa mguu wa ndege, akaendelea kutafuta kifungo.