Maziwa ya Betty

Nekoye hakupiga hodi. Aliipita foleni yote ya asubuhi, akaitua chupa ya mtoto juu ya kaunta ya Mama Wangeci, maziwa ya jana yakiwa bado ndani.

"Mtoto wangu yuko wodini kwa sababu ya haya."

Mama Wangeci, aliyeuza maziwa pale mjini Eldoret miaka na miaka bila kulaumiwa na mtu, alibaki ameshika kikombe cha kupimia. Na Nekoye hakuja peke yake. Alikuwa amemkokota Munene, afisa wa afya, pamoja na kile kimashine chake kipya.

Hicho kimashine nacho ni maajabu. Kinapiga sauti ambayo sikio la binadamu halisikii, na sauti hiyo inawasukuma bakteria mpaka wanarundikana mahali pamoja kwenye kioo. Halafu mwanga unawamulika. Taa ikiwa ya kijani, kunywa. Ikiwa nyekundu, mwaga.

Nekoye alishindwa kutulia. Alienda mlangoni, akarudi, akachungulia simu, akaitia mfukoni, akaitoa tena. Tangu Betty aanze kuharisha hakuwa amepata usingizi. Afadhali kulikuwa na mama yake, Nakhumicha, aliyemlea Betty nyumbani kila Nekoye akiwa kazini. Sasa alikuwa kule wodini, amejitwika jerikeni lake la maji kutoka nyumbani, kwa maana maji ya mfereji hayagusi hata umlipe. Anasema yananuka dawa.

Munene akatia tone la kwanza, kutoka kwenye chupa. Nyekundu.

"Mmeona?" Nekoye aliwageukia watu, na ndipo machozi yakamtoka.

Munene akachota kutoka kwenye mtungi wa Mama Wangeci. Kijani. Akachota tena kutoka chini kabisa. Kijani.

Nekoye akaja juu. Akasema maziwa ya leo si ya jana, kwamba huyu mama ameshtuka akabadilisha. Mama Wangeci akaapa kuwa mtungi ule haujaondoka hapo tangu jana, na wajukuu wake mwenyewe wanakunywa humo humo. Alikuwa analia pia, masikini. Wateja wawili wakaondoka kimyakimya na vyombo vitupu.

Munene akauliza kama maziwa ya mtoto yalichemshwa. Swali gani hilo! Nekoye alimwambia kwa uchungu kwamba mama yake huyachemsha mpaka yafurike jikoni, kisha huyarudisha motoni tena.

Munene akakitazama kimashine, akamtazama yeye.

"Basi Mama Betty, hawa bakteria hufa maziwa yakichemka. Hawa waliingia baadaye."

Nekoye alitamani kumtukana. Yaani sasa lawama irudi kwake? Alikuwa amefungua mdomo tayari, simu ikalia. Alikuwa Nakhumicha, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Nekoye hakuwa ameisikia tangu Betty augue. Betty ameamka. Ameomba maziwa kwa mdomo wake mwenyewe, na nesi ameyaleta yakifuka moshi.

"Na amemaliza kikombe chote, mwanangu. Yalikuwa yanachoma, nikayapoza na haya maji yetu ya kisima, vile anavyopenda."