Babu wa Kwenye Kisanduku

Siku hizi ukitaka kumsoma chuoni mwandishi aliyekufa, sharti ukae naye nyumbani mwaka mzima. Wanakuletea akili na sauti yake ndani ya kisanduku kisicho na macho, unakiweka sebuleni. Ukikizima kabla ya mwaka, shahada huna.

Mimi nilipewa Mzee Lugendo, bingwa wa hadithi za kutisha. Waandishi wote wa leo wamejifunza kwake. Ila mazimwi yake yote ni watu wenye ualbino, na alikufa bila kuomba radhi.

Binti yangu Salha, wa miaka tisa, ana ualbino.

"Vumilia, dada," profesa aliniambia. "Huo ndio utafiti." Rahisi kwake, kisanduku hakikuwa sebuleni kwake.

Nilidhani Salha atamchukia mzee. Kumbe kila akirudi kutoka shule anavua kofia yake pana na kupiga magoti mbele ya kisanduku.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu mzuri. Umekula?"

Kisha mzee anamfundisha hesabu, wanacheka. Baba mkwe wangu, babu yake wa damu, hajakanyaga kwetu tangu Salha azaliwe.

Jana uvumilivu ulinishinda. Nikasimama mbele ya kisanduku nimwambie yule mzee ngozi aliyo nayo huyo anayemwita mjukuu. Salha akaniwahi, akanivuta kanga hadi jikoni. Mkononi alishika kitabu cha Lugendo, alichokitoa mezani kwangu.

"Nimekisoma chote, mama," alininong'oneza. "Tafadhali, usimwambie nilivyo."